Bolti ya breki iliyoliwa meno haitibiwi kwa waya

BAISKELI inayoingia mjini Tabora alfajiri ikiwa imebeba magunia ya mkaa au madumu ya maji haina budi kusimama mahali fulani. Pengine ni kwenye makutano ya barabara, pengine ni mbele ya mtoto anayewahi shule, au ni katika eneo la Kitete, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambako watembea kwa miguu, pikipiki na magari hugombea njia moja. Wakati huo, usalama wa mwendeshaji na wa aliye mbele yake hutegemea bolti ndogo ambayo mara nyingi unene wake hauzidi milimita 6.

Bolti hiyo ndiyo inayokifunga kishikizo cha breki kwenye fremu. Hesi zake, yaani ile mistari ya mzunguko iliyochongwa kwenye bolti na ndani ya nati au tundu, ambayo mafundi wengi huiita meno, zikishalika, breki huonekana kwa macho lakini kikazi haipo. Mwendeshaji akivuta mkono wa breki, kishikizo hucheza, raba huikwepa rimu, na nguvu yote ya kiganja huishia kukisogeza chuma badala ya kulizuia gurudumu.

Dawa iliyozoeleka mitaani ni kuviringisha waya mwembamba au kipande cha mfuko wa plastiki kwenye bolti, kisha kuirudisha tunduni na kuikaza. Wengine huchukua bolti nene kidogo na kuisukumiza kwa nyundo mpaka iingie. Matengenezo ya namna hiyo huweza kudumu wiki kadhaa bila kasoro yoyote kuonekana, kwa sababu katika matumizi ya kawaida breki huguswa tu. Huachia siku ile breki itakapobanwa kwa nguvu, nayo ndiyo siku pekee ilipokuwa inahitajika kwa dhati.

Hesabu yake si ngumu. Baiskeli yenye uzito wa kilo 20, mwendeshaji wa kilo 60 na madumu manne ya maji ya lita 20 kila moja, hufanya jumla ya kilo 160. Ikienda kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, baiskeli hiyo hukata zaidi ya mita tano kila sekunde. Ili isimame ndani ya mita 6, yahitajika nguvu ya kuzuia inayolingana na uzito wa kilo 42 hivi. Nguvu hiyo yote hupitia kwenye raba za breki na kuishia kwenye bolti chache zinazozishikilia. Wayo wa kandambili uliokandamizwa kwenye tairi, ambao ndio breki ya wengi baada ya ile ya kiwandani kufa, haufikii kiwango hicho, hasa tairi likiwa limelowa.

Katika karne ya 19, mpagazi wa Kinyamwezi katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32. Baiskeli katika njia hizo hizo za mchanga hubeba mara mbili au tatu ya mzigo huo. Mpagazi alisimama alipotaka. Baiskeli husimama iwapo tu vyuma vyake vimekubali.

Baiskeli iliyoenea Unyamwezi kwa miongo mingi ni ile nzito ya fremu ya chuma na breki za fito, ambayo asili ya umbo lake ni Uingereza. Raleigh ya mjini Nottingham ilitangulia, kisha zikafuata Phoenix ya China na Avon na Hero za India. Kwa macho zote ni ndugu, na fundi huazima bolti ya hii akaitia katika ile bila kusita. Hapo ndipo meno mengi huanza kufa.

Viwanda vya Uingereza vilichonga hesi kwa kipimo cha inchi. Bolti nyingi ndogo za baiskeli zake zilikuwa na unene wa robo inchi, yaani milimita 6.35, na mizunguko 26 kwa kila inchi moja. Bolti ya kipimo cha metriki ambayo leo hupatikana katika kila duka la vifaa ina unene wa milimita 6 na umbali wa milimita moja kutoka jino hadi jino. Umbali wa jino hadi jino katika ile ya Kiingereza ni milimita 0.98. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba bolti ya milimita 6 huingia katika nati ya robo inchi bila kugoma, ikazunguka vizuri, na fundi akaridhika. Kilichofichika ni kwamba meno ya bolti hayakuzama ipasavyo ndani ya meno ya nati. Yameshikana kwa ncha. Inapokazwa mara ya tatu au ya nne, ncha hizo hukwanguka, na bolti ikaanza kuzunguka bila kukaza.

Kipimo rahisi cha kuligundua jambo hili hakihitaji chombo chochote cha gharama. Bolti ikiwa ya nati yake, huingia kwa vidole mpaka mwisho, wala haichezi pembeni inapokuwa imeingia nusu. Ikicheza pembeni, kipimo si chake hata kama inakaza. Bolti mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu, meno yakielekeana, yale ya kipimo kimoja hulala ndani ya mengine bila kuacha mwanga kupita. Fundi mwenye bolti moja ya kila aina iliyofungwa kwenye waya ukutani ana kipimo cha kumtosha.

Sababu nyingine ni nguvu ya mkono. Kwa breki za mikono miwili inayobana rimu kutoka pembeni, ambazo kampuni ya Shimano ilizileta sokoni mwaka 1996 na ambazo siku hizi huonekana kwenye baiskeli nyingi za mitumba, bolti ya kuufunga mkono wa breki hutakiwa kukazwa kwa kiasi kinacholingana na kuning'iniza mzigo wa kilo 5 hadi 7 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 10. Hicho ni kiasi kidogo. Fundi aliyezoea nati za ekseli ya gurudumu huvuka kiwango hicho mara mbili bila kujua, na kama tundu ni la aluminiamu, meno hutoka pamoja na bolti kama uzi wa fedha.

Mchanga nao hauna budi kutajwa. Barabara nyingi za Tabora ni za mchanga, na bolti iliyofunguliwa ikawekwa chini huokota chembe ambazo, zikisagwa kati ya meno, hufanya kazi ya tupa. Kuifuta bolti kwa kitambaa na kuipaka grisi kidogo kabla ya kuirudisha ni kazi ya nusu dakika.

Meno yakishalika, fundi hana budi kwanza kutambua ni yapi yaliyolika. Mara nyingi ni ya bolti au ya nati, na hapo tiba ni kununua nyingine na kuachana na ile ya zamani. Ugumu huja pale ambapo meno yaliyokufa ni ya tundu lililomo kwenye fremu yenyewe au kwenye kishikizo kilichounganishwa nayo, kwa kuwa fremu haibadilishwi kwa ajili ya tundu.

Ikiwa tundu limetoboka upande wa pili na kuna nafasi, tiba rahisi kuliko zote ni kulipitisha tobo moja kwa moja, kutia bolti ndefu zaidi na kuifunga kwa nati nyuma yake, pamoja na washa. Hapo meno ya tundu hayana kazi tena. Kwa breki za fito hii ndiyo njia inayofaa mara nyingi, ingawa ina mtego wake, ambao utaelezwa hapa chini.

Pasipo nafasi ya nati, tundu hupanuliwa na kuchongwa meno mapya ya kipimo kikubwa zaidi. Kutoka bolti ya milimita 6 kwenda ya milimita 8, tundu hutobolewa kwa keekee ya milimita 6.8 kisha hupitishwa kikatio cha hesi. Chombo hicho hakipendi haraka. Huzungushwa nusu duara kwenda mbele, kisha robo duara kurudi nyuma ili kuvunja vipande vya chuma vinavyojikusanya, na tundu hutiwa mafuta wakati wote wa kazi. Kwa chuma, oili ya kawaida inatosha. Kwa aluminiamu, mafuta ya taa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, jambo ambalo fundi wa Tabora hawezi kulilalamikia bei. Kikatio kikiingia upande, tundu zima limeharibika. Kwa hiyo mizunguko miwili ya mwanzo hustahili kukaguliwa kwa jicho kutoka pande mbili.

Urefu wa bolti iliyozama nao una kanuni. Ndani ya chuma, bolti izame angalau kwa kina kilicho sawa na unene wake, yaani milimita 6 kwa bolti ya milimita 6. Ndani ya aluminiamu, kina hicho kiwe mara moja na nusu hadi mara mbili. Bolti fupi iliyoshika mizunguko mitatu tu itaonekana imekaza, lakini mzigo wote utakuwa umebebwa na meno matatu.

Njia ya tatu ni kutia ndani ya tundu springi ndogo ya waya mgumu usioshika kutu, iliyosokotwa kwa umbo la hesi. Tundu la milimita 6 hupanuliwa kwa keekee ya karibu milimita 6.3, likachongwa meno maalumu, springi ikaingizwa, na ndani yake bolti ya awali ikarudi kama kawaida. Kwa aluminiamu, tundu lililotengenezwa hivi huwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani, kwa sababu bolti sasa inashikana na waya mgumu badala ya metali laini. Kasoro yake ni kwamba vifaa vyake ni ghali na havipatikani kila duka. Fundi aliye karibu na karakana ya kukereza vyuma anaweza kufikia matokeo hayo hayo kwa kuchongewa bushi, yaani kijineli chenye meno nje na ndani.

Lakini kuna mahali ambapo hata njia hizi hukwama. Breki za mikono miwili hukaa juu ya vijiti viwili vilivyotokeza kwenye fremu au uma wa mbele. Kila kijiti kina unene wa milimita 8 kwa nje, na ndani yake tundu la bolti ya milimita 6. Atakayejaribu kulipanua tundu hilo liwe la milimita 8 atakuwa amekifuta kijiti chenyewe. Hata springi huacha ukuta mwembamba mno, usiofika nusu milimita. Kwa hiyo fundi hutazama kwanza kama kijiti chake kinafunguka kwa spana, kwani vipo vinavyofunguka, akatia kingine. Kama kimeunganishwa na fremu ni ya chuma, hukatwa na kuchomelewa kipya kwa shaba, kwa moto usiozidi, katika mstari uleule wa mwenzake. Fremu ya aluminiamu haikubali kazi hiyo chini ya mwembe.

Tatizo hili halikuzaliwa Tabora wala haliishii huko. Wanamichezo wa baiskeli za kuruka vizuizi, mchezo ambao ulikuzwa sana Hispania na ambao Mskoti Danny MacAskill aliupatia mashabiki wengi wapya kwa picha zake za video za mwaka 2009, huvunja vishikizo vya breki kwa kiwango ambacho mbeba mkaa angekishangaa. Mwanamchezo huyo husimama juu ya gurudumu moja ukingoni mwa jiwe, gurudumu likiwa limefungwa na breki kabisa. Uzito wake wote pamoja na mshtuko wa kutua huviangukia vishikizo. Mafundi wao wamejifunza mambo mawili ambayo mbeba mkaa angeyahitaji pia: kwamba tundu la breki hutengenezwa kabla halijafa kabisa, na kwamba hakuna breki inayotengenezwa bila kutazama pedeli.

Jambo hilo la pili ndilo mtego uliotajwa. Katika baiskeli ya breki za fito, breki ya nyuma ni upinde wa chuma ulio nyuma tu ya ekseli ya pedeli, ukishikiliwa na vishikizo vilivyofungwa kwenye fito mbili za chini za fremu, zile zinazokwenda kwenye gurudumu la nyuma. Mkono wa pedeli, wenye urefu wa sentimita 16 au 17, hupita kando ya fito hizo kila unapozunguka. Fundi aliyeondoa bolti iliyokufa na kutia nyingine ndefu yenye nati nyuma yake amepata breki nzuri, lakini kichwa cha bolti au ncha yake sasa imetokeza milimita 5 au 6 kwa nje. Nafasi iliyokuwapo kati ya fito na mkono wa pedeli huenda haikuzidi hapo.

Baiskeli ikiwa imeinuliwa juu na haina mzigo, mkono wa pedeli hupita bila kugusa. Mwendeshaji akiinuka kwenye kiti na kukanyaga kwa uzito wake wote ili kuukwamua mzigo mchangani, fremu na ekseli hupinda kidogo, na mkono wa pedeli hugonga bolti. Kwanza husikika mlio mdogo. Baada ya siku kadhaa, bolti imelegea kwa kugongwa, na breki iliyotengenezwa imerudi ilikokuwa. Ikitokea mkono wa pedeli ukakwama badala ya kugonga, anayeanguka ni mwendeshaji.

Ndiyo maana ncha ya bolti hukatwa kwa msumeno wa chuma ikabaki mizunguko miwili tu nje ya nati, kisha ikalainishwa kwa tupa, na kichwa cha bolti kikaelekezwa upande wa ndani inapowezekana. Kipimo cha nafasi hufanywa mtu akiwa amekaa kwenye kiti na kukanyaga pedeli huku breki ya mbele imebanwa, pande zote mbili. Ikiwa sarafu mbili zilizopachikwa pamoja hazipiti kati ya mkono wa pedeli na kitu kilicho karibu nao kuliko vyote, nafasi haitoshi.

Mara nyingine bolti haina kosa, bali mkono wa pedeli wenyewe ndio uliosogea. Mikono hiyo hufungwa kwenye ekseli kwa kotapini, kile kipini chenye ubapa upande mmoja. Fundi akikichonga kwa tupa bila kulinganisha na mwenzake, mikono miwili haikai tena katika mstari mmoja. Kotapini mbili huingizwa zikielekea pande tofauti, moja kutoka juu na nyingine kutoka chini mikono inapokuwa imelala, na huingizwa kwa nyundo huku mkono wa pedeli umeegemezwa juu ya bomba au kizuizi kizito, ili pigo lisiishie kwenye gololi. Nati ya kotapini si chombo cha kuivutia ndani. Anayeitumia hivyo huyaua meno yake, na hapo hadithi ya waya na plastiki huanza upya mahali pengine.

Ekseli iliyobadilishwa nayo huleta balaa hilo. Ekseli za katikati zina urefu tofauti, na iliyo fupi huivuta mikono ya pedeli na gia ya mbele karibu na fremu. Wapo wanaoitatua kasoro hiyo kwa kuichapa fito ya fremu kwa nyundo mpaka ibonyee au kwa kuikwangua kwa tupa. Fito hiyo ni bomba jembamba, na mahali lilipobonyezwa ndipo litakapopasukia chini ya mzigo. Kikombe cha gololi cha upande wa kulia nacho kisiguswe kwa kubahatisha: katika baiskeli za kipimo cha Kiingereza hesi zake ni za kushoto, na anayekifungua kwa kukizungusha upande uliozoeleka atakuwa anazidi kukikaza mpaka spana iteleze. Hali ni hiyo hiyo kwa pedeli ya kushoto. Anayeisukumiza pedeli ya kushoto katika mkono wa kulia huyaua meno ya mkono wa pedeli kabla ya kufika nusu.

Kazi ikishakamilika, baiskeli hujaribiwa ikiwa na mzigo, mahali pa tambarare pasipo na watu, kwanza polepole kisha kwa mwendo wa kawaida. Breki hubanwa mara kumi kwa nguvu, kisha bolti zote zilizoguswa hujaribiwa tena kwa spana. Kotapini mpya hugongwa na kukazwa upya baada ya safari ya kwanza, kwa sababu hujilaza katika nafasi yake na kuacha ulegevu ambao haukuwapo ilipotoka kwa fundi. Mwenye baiskeli asiyerudi siku ya pili kwa kazi hiyo ya dakika tano, ambayo mafundi wengi hawaitozi kitu, hurudi wiki ya pili akiwa ameshika mkono wa pedeli mkononi.